Nguo za msimu wa joto kwa sie tuliovuka arobaini na tano, Moshi hii ya Januari

Januari ya mwaka jana nilifungua kabati saa kumi na mbili asubuhi, jua lenyewe halijachomoza vizuri ila jasho lishaanza kunitiririka mgongoni, nikajaribu magauni sita moja baada ya jingine na hakuna hata moja lililopita kwenye kiuno bila ugomvi. La saba likapita ila likagoma kutoka, nikabaki mikono juu kama mtu aliyekamatwa na polisi mpaka binti yangu akaja kunivua. Alicheka mpaka akakaa chini. Mi nikawa nawaza, hivi nimenenepa lini jamani, maana mzani unasema kilo zimeongezeka nne tu. Kumbe kilo sio shida, shida mwili umehama, kiuno kimeenda, mgongo umekuwa mpana pale mkanda wa sidiria unapopita, mikono ya juu imejaa, halafu makalio ndo yamepungua, yani vilivyoongezeka na vilivyopungua vyote vimehama mtaa.

Baada ya hapo nimetumia mwaka mzima kujaribu, nimeharibu vitambaa, nimegombana na mafundi wawili, na sasa hivi nina nguo kama kumi hivi ambazo navaa bila kuvuta vuta wala kujipepea. Nitaeleza nilivyofika hapo. Hela nyingi haikutumika.

Kwanza kabisa kitambaa, mshono baadae

Wengi tunaanza na picha. Unaona mshono kwenye simu umemkaa mtu vizuri, unausevu, unaenda dukani unachukua kitambaa chochote chenye rangi unayoipenda, unampelekea fundi. Ukiwa na miaka 28 hiyo haina shida, mwili wa umri ule ulikuwa unasamehe. Sasa hivi geuza, anza na kitambaa, ukishakipata ndo kikwambie mshono gani kinauweza. Joto la Moshi sio la kuchezea, sie tuko chini huku kama mita 900 tu kutoka usawa wa bahari, wenzetu Arusha wako kama 1,400, ndo maana mtu wa Sakina anakuja Moshi mwezi wa pili na koti lake halafu anashangaa.

Dukani shika kona ya kitambaa, ifinye kwenye ngumi, hesabu mpaka kumi, achia. Kikibaki na mikunjo mikunjo huenda kuna pamba humo, kikifunguka kama hakijaguswa hiyo ni poliesta, hata kama muuzaji anaapa. Vitenge vya bei ya chini sana vingi ni poliesta, vinang'aa kidogo na ukivipapasa vinateleza, ukivaa saa nne asubuhi ikifika saa saba umeshajipika. Ukitaka uhakika zaidi mwombe muuzaji akuvutie nyuzi mbili tatu pembeni, toka nje uchome na kiberiti. Pamba inaungua kama karatasi, inanuka karatasi, inabaki majivu laini yanayopeperuka. Poliesta inayeyuka, inajikunja, inanuka plastiki na inaacha kidonge cheusi kigumu. Wauzaji wengine wanakuangalia vibaya ukifanya hivyo, we choma tu, hela ni yako.

Kitenge cha pamba kikiwa kipya kinakuwa kigumu kama boksi kwa sababu ya dawa zile za kiwandani, usikikatae kwa hilo. Kiloweke usiku mmoja, kifue, kianike kivulini, kitalainika. Na kuloweka kabla ya kushona ni lazima, sio hiari, maana vitambaa vya pamba na vya reyoni vinarudi vikifuliwa mara ya kwanza, ukishona bila kuloweka gauni linakuwa zuri wiki moja, ukilifua linapanda juu ya magoti.

Reyoni, ambayo kwenye lebo utakuta imeandikwa viscose au rayon, ndo ile laini inayoshuka kama maji, madera mengi yameshonwa na hiyo. Inapitisha hewa vizuri na kwa mwili wetu ni nzuri kuliko kitenge kwa sababu haisimami, inalala. Ubaya wake ikilowa inakuwa dhaifu, ukiikamua kama unakamua dekio itachanika, bonyeza tu maji yatoke uning'inize.

Kitani ndo mfalme wa joto, ila dukani ni ghali, kwa hiyo kitani unakitafuta mtumbani, nitafika huko. Kitani kinajikunja ukikaa dakika tano, usihangaike kukinyoosha mara mbili kwa siku, kivae na mikunjo yake.

Khanga tusiisahau. Doti moja ya khanga ya pamba inatoa gauni la nyumbani jepesi kabisa, mwambie fundi pindo la chini libaki chini, asilikate. Nimeona mtu kashonewa na jina likatokea limekatwa katikati, methali nzima imebaki nusu mgongoni.

Rangi na maua

Jasho linaonekana sana kwenye rangi za kijivu na bluu ya katikati, na kwenye kijani kile kilichopauka. Halionekani kwenye nyeupe, nyeusi, bluu iliyokolea sana, na kwenye maua maua. Nyeusi juani inachoma, nyeupe inakula vumbi letu jekundu ukishuka tu kwenye bodaboda, kwa hiyo mi nimehamia kwenye maua, madogo au ya kati. Maua makubwa sana yana mtihani wake, fundi asipokuwa makini ua moja linatua katikati ya tumbo na la pili linakaa juu ya titi moja tu. Kabla hajakata mwambie akutandazie kitambaa chote mezani muangalie pamoja lile ua kubwa litaangukia wapi. Dakika tano tu.

Kwa fundi

Hapa ndo nataka tukae kidogo maana hapa ndo pesa zinapotea.

Kosa letu kubwa ni kwamba mwili ukibadilika tunakimbilia kubwa. Unamwambia fundi aachie, aachie, aachie, unatoka na gunia. Nguo kubwa haifichi kitu, inakufanya uonekane umejaa kote mpaka pale ambapo hujajaa, na kwenye joto lile gunia linakusanya jasho kwapani. Nguo inatakiwa ikukae sehemu moja tu vizuri, mabegani, halafu kutoka hapo ishuke yenyewe. Mshono wa bega ukae juu ya mfupa wa bega, sio umeshuka huko mkononi. Bega likikaa sawa hata kama chini kuna nafasi watu wanaona umevaa nguo yako. Likishuka unaonekana umeazima.

Futi kamba ikishikwa usibane tumbo. Tunajidanganya wenyewe pale, fundi anapima unavuta pumzi ndani, gauni linashonwa la mwanamke ambaye hapumui. Halafu, na hili hakuna fundi aliyewahi kuniambia nimeligundua mwenyewe, mwambie akupime nyonga na tumbo ukiwa umesimama, kisha kaa kwenye stuli yake akupime tena. Mi nikikaa naongezeka karibu inchi mbili. Sasa fikiria ibada ya masaa mawili, kikao cha harusi, ofisini siku nzima, muda mwingi tumekaa, kwa nini nguo ipimwe ya kusimama tu? Ashone kwa kipimo cha kukaa.

Mkono, mi napenda uishie juu kidogo ya kiwiko na uwe mpana. Mkono mfupi wa kubana unakata nyama pale pale unapotaka zisionekane, na mkono mrefu kwa joto hili ni adhabu. Lakini kama unapenda bila mikono vaa bila mikono, hiyo mikono imebeba watoto na ndoo za maji. Cha kuangalia ni tundu la mkono, likiwa dogo linakata kwapa, likiwa refu sidiria yote iko nje, hilo lijaribu kabla hajamalizia kwa kunyanyua mkono juu kama unashika bomba la daladala.

Shingo ya V inapoza, shingo ya duara iliyofika juu inabana joto lote la kifuani. V isiende chini sana, vidole vinne kutoka kwenye kishimo cha koo inatosha mpaka kanisani.

Kiunoni mwambie asiweke marinda mbele. Marinda yakianza pale tumbo linapoanza unaonekana una mimba, na nimeshaulizwa, na dada mmoja kwenye foleni akaniachia kiti. Marinda ayaweke pembeni na nyuma, mbele pabaki bapa. Lastiki vile vile, iwe nyuma tu, mbele abaki na mkanda wa kawaida, na lastiki yenyewe iwe pana vidole viwili, ile nyembamba inajikunja kama kamba ya katani inakuachia alama mpaka asubuhi. Solo, yani gauni linalomwagika chini, ikianzia chini kidogo ya titi ndo mshono ambao umenikubali kuliko yote, nina nne, zote mshono mmoja vitambaa tofauti, na hakuna aliyewahi kunisema.

Urefu, ishie pale mguu unapoanza kuwa mwembamba chini ya msuli, sio katikati ya msuli. Na mifuko. Mifuko miwili ya pembeni, mwambie mapema kabla hajakata.

Mafundi vijana wengi wanapenda kubana. Wangu mmoja alikuwa ananiambia "mama nikiachia utaonekana mkubwa", nikamwambia mwanangu mi ni mkubwa, shona. Tukaelewana baadae.

Ila la bitana lazima niwasimulie. Nilishona gauni la harusi ya mtoto wa dada yangu, kitambaa chenyewe pamba safi nilichoma uzi mwenyewe, nikaenda nikiwa nimejiamini. Ukumbi umejaa, feni zinazunguka tu kama mapambo, kufika saa tatu usiku nimelowa kama nimetoka kuoga, miguu imegandana na gauni, najiuliza hiki si pamba? Nikaingia chooni nikageuza pindo, fundi kaweka bitana ya poliesta kutoka shingoni mpaka chini. Nje pamba ndani mfuko wa rambo. Nilipomfuata akasema ndo bitana wanazotumia wote. Basi tangu siku hiyo bitana nanunua mwenyewe, pamba nyepesi nyeupe au ya rangi ya ngozi, na naiweka kifuani tu kama kitambaa ni chepesi sana, kwengine kote hakuna bitana, navaa gagulo la pamba basi. Na ikitokea kamati ya harusi imechagua sare ya satini nzito, hilo huwezi kukwepa, kwa hiyo angalau huko ndani weka pamba.

Mtumbani

Nenda asubuhi, na nenda siku wanayofungua belo, jenga urafiki na muuzaji mmoja awe anakutonya. Hapa Moshi mi nazunguka Memorial na Kiborloni, ukiwa Arusha kuna Tengeru siku ya gulio Jumamosi, huko unahitaji viatu vya chini na uvumilivu.

Chumba cha kujaribia hakuna, kwa hiyo valia taiti na kitopu cha kubana ndani, chukua na khanga, unajaribia hapo hapo juu ya nguo. Ule mtindo wa kuzungusha kiuno cha suruali shingoni, kikikutana nyuma inakutosha, jamani tuuache. Ulikuwa unafanya kazi zamani. Shingo haijanenepa ila kiuno kimenenepa, nimenunua suruali tatu kwa kupima shingoni na zote amevaa binti yangu. Chukua futi kamba yako, jua vipimo vyako vitatu, kifua kiuno nyonga, pima nguo ikiwa imelazwa bapa halafu zidisha mara mbili. Namba za kwenye lebo zinachanganya maana kila nchi ina zake, 16 ya Uingereza ni kama 12 ya Marekani na kama 44 ya Ulaya, nguo ile ile, mwili ule ule.

Soma lebo ya ndani ubavuni, unatafuta cotton, linen, viscose. Ukikuta imekatwa rudi kwenye kufinya ngumi. Pitia na upande wa wanaume, wadada wengi hawaendi huko, mashati ya kitani ya kiume yako mengi na bei ni ndogo kwa sababu yanaonekana yamekunjamana, unachukua moja kubwa, fundi anapunguza mabega na kukata kola, una blauzi ya maana ya elfu nne pamoja na ufundi. Muuzaji atakwambia "mama hiyo inakutosha kabisa, inavutika!" Kitani hakivutiki. Cheka, endelea kupima.

Nyanyua nguo juani uangalie matundu, angalia kwapa, nusa. Bega likiwa sawa na kwengine ni kubwa, chukua, kupunguza ni rahisi. Bega likiwa limepita sana acha, labda iwe shati kama hilo utakalokata. Na ikiwa ndogo angalia ndani mshono una nafasi ya kuachia kiasi gani, nguo za zamani zina nafasi, za sasa hazina kitu. Nyumbani loweka, fua, piga pasi ya moto ndo uvae. Nguo za ndani usinunue mtumbani, hizo hata serikali imezipiga marufuku.

Huko ndani

Kabla hujapimwa gauni lolote nunua sidiria mpya, kwa sababu titi likipanda kipimo kizima kinabadilika, kiuno kinaonekana tena. Sidiria nyingi tunazovaa ni za saizi ya miaka kumi iliyopita, mkanda umepanda mgongoni, kamba zinachimba mabega. Mkanda wa nyuma ukae sawa na wa mbele, na uingize vidole viwili sio zaidi. Ya pamba kwa joto, ile ya sponji nzito iache kwa shughuli za jioni.

Mapaja kusuguana, tuseme tu, wengi tunateseka kimya. Taiti fupi ya pamba inayofika katikati ya paja, imekwisha. Ukikosa paka vaselini.

Na lile joto lingine, la kutoka ndani. Hedhi kwa wanawake wengi inakoma kati ya miaka 45 na 55, na kabla yake na baada yake joto linakupanda ghafla kifuani mpaka usoni, linakaa dakika chache, linaondoka unabaki na jasho la baridi. Mavazi hayalitibu, likizidi muone daktari, ila yanaweza kukuokoa mbele za watu. Vaa vitu viwili vyepesi badala ya kimoja kizito, ndani kitopu cha pamba bila mikono, juu shati la vifungo mbele au kimono ya reyoni, likipanda unafungua, likishuka unafunga, hakuna anayejua. Gauni la kuvalia kichwani lenye shingo ya juu kipindi hiki ni mtego.

Dera napenda, nyumbani sivui. Mjini pia linavalika ukilipunguza urefu liishie juu ya kifundo cha mguu, maana dera refu na bodaboda haviendani, linaingia kwenye tairi au mnyororo na hiyo sio aibu tu ni hatari. Ukipanda kusanya lote ukalie.

Mwezi wa kumi na mbili sasa, tukienda nyumbani mlimani. Unatoka Moshi mjini jua linakukaanga, nusu saa au zaidi kidogo baadae uko Marangu au Kibosho jioni na ukungu unashuka mgombani, na wewe umevaa reyoni. Usibadilishe nguo, ongeza. Mi nabeba kitenge kizito cha kujitanda na sweta moja jembamba lenye vifungo, navaa juu ya lile lile gauni la solo, chini naongeza taiti ndefu, inatosha kukaa nje mpaka nyama iive.

Cha mwisho ni tarehe. Kitambaa mpelekee fundi mwezi wa tisa au wa kumi. Kuanzia katikati ya mwezi wa kumi na moja mafundi wote wana sare za harusi na nguo za watoto za Krismasi, ukienda tarehe 10 Desemba na kitambaa chako atakipokea, atakupima, atakwambia njoo Jumamosi, na hizo Jumamosi zitaenda mpaka mvua za masika zianze.